Moto wa kambini msituni: haushiki, unafuka moshi, haukubali kuzimika

Matatizo ya moto kwa anayelala msituni yako ya namna mbili. Kuna ya jioni: kuni zimekusanywa, njaa imeshika, na kiberiti kinaelekea kuisha bila hata mwali mmoja kusimama. Halafu kuna ya asubuhi, watu wanapokunja hema, wakamwaga sufuria moja ya maji juu ya majivu na kushika njia. Ya jioni yanakera tu. Ya asubuhi ndiyo yanayoteketeza misitu, na ndiyo yaliyonisukuma kuandika haya. Sehemu ya kuzima, basi, ni ndefu kuliko ya kuwasha.

Tafuta dalili unayoiona. Chini yake sababu zinaanza na ile inayotokea mara nyingi zaidi, zikiishia na ile ya nadra. Fanya ukaguzi mwepesi kwanza. Palipoandikwa "acha", acha kweli.

Kabla ya njiti ya kwanza

Hakikisha moto unaruhusiwa hapo ulipo. Misitu mingi ya hifadhi inakataza moto wa wazi nje ya sehemu zilizotengwa, na hata inapoukubali, katazo huweza kuwekwa kiangazi kikikaza. Kisha tazama upepo. Ukiwa unainua vumbi na kutikisa matawi madogo muda wote, huo umefika nguvu ya 4 kwa kipimo cha Beaufort, yaani kilomita 20 hadi 28 kwa saa, na si upepo wa kuwashia moto wa wazi. Weka ndoo ya maji, lita 10 kwa uchache, na sepetu, hapo hapo kando. Maji yasipopatikana, pikia jiko dogo la gesi usiku huo.

Linalosahaulika kuliko yote ni ardhi. Piga goti, fukua majani kwa vidole mpaka ufikie udongo wenyewe. Juu utakuta majani makavu, chini yake majani yaliyooza nusu yakiwa yamefumwa na vimizizi vyeupe, kisha udongo. Chukua kidogo usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukikwaruza kama mchanga, au ukinata kama mfinyanzi, hauungui. Ukiwa mweusi, mwepesi, wenye nyuzinyuzi na unabonyea kama sifongo, hiyo ni mboji, na mboji ni kuni. Hama. Usichimbe shimo ukidhani umeukwepa mtego, kwa maana shimo ndani ya mboji ni tanuri lenye kuta zinazoungua.

Ukishapata udongo safi, ondoa majani na vijiti kwa umbali wa mita moja na nusu kila upande wa moto. Hema likae mita 5 au zaidi, upande upepo unakotoka. Tazama juu pia: tawi lililoning'inia juu ya moto hukaushwa na joto kwa saa nzima kabla ya kushika.

Dalili: Kiberiti kinawaka, lakini vya kuwashia havishiki

*Vina unyevu.* Hii ndiyo sababu ya kawaida kabisa. Vidole vyenye baridi havitambui unyevu mdogo, kwa hiyo vigusishe shavuni au mdomoni. Vikiwa baridi kuliko hewa, bado vina maji. Vikavu hupatikana mahali ambapo mvua haikufika: chini ya gogo lililoinama, ndani ya gome lililobanduka kwenye mti uliokufa, kwenye vitawi vyembamba vilivyokatika vikanasa juu bila kugusa ardhi. Kilicholala chini kimekunywa umande usiku kucha, hata kama juu kinaonekana kikavu.

*Ni vinene mno au vimeshindiliwa.* Mwali wa kiberiti ni mdogo na una sekunde chache tu za kuishi. Unahitaji kitu chembamba kama uzi: nyuzi za gome lililosuguliwa viganjani, majani makavu ya nyasi, vinyoleo vya mti. Vikusanye kama kiota cha ndege, vishikane lakini uweze kuona mwanga ukipenya.

*Upepo unauzima mwali.* Mpe upepo mgongo, kinga kwa mwili, na uwashe kwa chini. Moto hupanda. Anayewasha juu ya rundo anauagiza mwali ushuke, nao hauwezi.

*Kibiriti chenyewe kina tatizo.* Cha gesi kikigoma kwenye baridi kali, huenda gesi imo tele ila haitoki. Butani huacha kugeuka mvuke kwenye nyuzi 0.5 hivi chini ya sifuri. Kiweke kwapani dakika chache, kitafanya kazi. Njiti zilizoloa ni bora ziachwe zikauke kwanza, kwa kuwa ukizilazimisha vichwa humenyeka.

Mvua imenyesha siku tatu na hakuna kikavu popote? Chukua ukuni mfu unene wa kifundo cha mkono, uupasue katikati. Ndani mara nyingi ni pakavu hata kama nje panachuruzika. Kutoka kwenye ile sehemu ya ndani chonga kijiti kwa kisu kikali, ukitelezesha makali taratibu bila kukata hadi mwisho, ili vinyoleo vibaki vimejikunja kwenye kijiti kama manyoya. Kinyoleo kizuri ni chembamba hata unaona kivuli cha kidole nyuma yake. Vijiti vitano au sita vya namna hiyo vinatosha kuanzisha moto kwenye manyunyu. Chonga ukisukuma kisu mbali na mwili, magoti yakiwa nje ya njia ya kisu.

Acha: usimwage petroli, wala mafuta yoyote yanayoshika upesi, wala kabla ya kuwasha wala juu ya makaa yanayoonekana yamelala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka miguuni pako, na ukipiga kiberiti huwaka pote kwa mara moja, wewe ukiwa katikati. Mafuta yakimwagwa kwenye makaa, mwali unaweza kurudi hadi kwenye chupa iliyo mkononi.

Dalili: Unawaka dakika mbili tatu, kisha unalala

Hapa karibu kila mara mtu ameruka ngazi. Ametoka kwenye nyasi akaenda moja kwa moja kwenye kuni nene. Panga marundo manne kabla ya kuwasha: unene wa njiti ya kiberiti, wa penseli, wa kidole gumba, na wa kifundo cha mkono. Rundo la kwanza na la pili yawe makubwa kuliko unavyodhani, kisha yaongeze mara mbili. Usipandishe ngazi mpaka ile ya chini iwe inawaka yenyewe bila kupulizwa. Kuni nene kuliko kifundo cha mkono mimi siziweki kabisa, kwani haziishi kuwa majivu usiku mmoja na asubuhi zinakuachia vijinga vya kushughulikia.

Ngazi zikiwa sawa na bado moto unalala, angalia hewa. Kuni zimelaliana kama samaki kwenye kikapu? Inua mbili tatu, acha nafasi ya kidole kati ya ukuni na ukuni. Puliza chini kwenye makaa, pumzi ndefu na nyembamba. Pumzi kubwa juu ya miali inatawanya tu majivu.

Ardhi yenye maji nayo hunyonya joto. Tandika safu ya vijiti vikavu sambamba, washa juu yake. Vitaungua mwishoni, lakini wakati huo makaa yatakuwa yameshajijenga.

Sababu ya mwisho ni kuni mbichi, na hii inafaa kuelewa kwa undani kidogo. Mti uliokatwa leo unaweza kubeba maji yanayofika nusu ya uzito wake au zaidi; kuni nzuri zina chini ya asilimia 20. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 na hayaruhusu ukuni kupanda sana juu ya hapo mpaka yaondoke. Mti nao hauanzi kutoa gesi zinazowaka hadi ufike nyuzi 200 na kitu, karibu na 300. Ndiyo maana ukuni mbichi hutoa povu mwishoni, unalia "ssss", na haushiki: moto wote unatumika kuchemsha maji.

Upime kabla ya kuubeba. Vunja kijiti: kikikatika kwa mlio mkali, ni kikavu, kikipinda au kikiacha nyuzi, kiache. Gonganisha kuni mbili: kavu hutoa sauti ya juu, mbichi hutoa sauti ya kuzibwa. Gome lililoanza kuachia lenyewe ni dalili njema. Usikate mti ulio hai. Hautawaka vizuri, na kidonda ulichouachia hubaki miaka.

Dalili: Moshi mwingi, macho yanachonyota

Moshi mweupe mzito ni mvuke wa maji pamoja na gesi za mti ambazo hazijapata joto la kuungua. Sababu ya kwanza ni kuni zenye maji, ya pili ni moto uliojazwa kupita kiasi ukapoa. Toa kuni moja au mbili zinazofuka zaidi, ziweke pembeni zikauke kwa joto, na uzipe zilizobaki ndani hewa. Miali ikirudi, moshi unapungua papo hapo, maana ule moshi wenyewe ndio unaowaka.

Majani mabichi, gome lenye ukungu na mti uliooza vyote hufuka. Moshi mweusi wenye harufu kali unatokana na utomvu mwingi, kama wa msonobari, au mtu ametupa plastiki. Plastiki itolewe, ifungwe irudi nyumbani. Mbao zilizopakwa rangi au zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zisichomwe kamwe. Baadhi ya dawa hizo zina arseniki, na moshi wake ni sumu, na majivu pia. Mimea inayotoa utomvu mweupe kama maziwa iache ilipo. Mingi yake utomvu na moshi wake huumiza macho vibaya.

Kuhusu moshi kukufuata kila unapohamia: mwili wako unazuia hewa baridi isiingie kwenye moto kutoka upande huo, hivyo mbele yako msukumo wa hewa unapungua na moshi unavutwa pale. Rundika mawe makavu au gogo nene upande wa pili, nalo lizuie hewa kama wewe. Husaidia, ingawa si kila jioni.

Acha: mtu akianza kubanwa kifua, kukohoa bila kukoma au kupumua kwa mlio, mtoe kwenye moshi, uzime moto, utafute msaada wa tabibu ikiwa hapati nafuu haraka. Mwenye pumu asisubiri.

Dalili: Mawe yanalia au yanapasuka, cheche zinaruka

Mawe yaliyotoka mtoni au kwenye ardhi yenye maji yana unyevu ndani ya vinyweleo vyake. Maji yakigeuka mvuke hujitanua mara 1,700 hivi, na jiwe lisilo na pa kuyatolea hupasuka na kurusha vipande. Ukisikia mlio wa kwanza, rudisha watu nyuma, acha kuchochea, usilisogeze jiwe kwa mkono na usilimwagie maji likiwa na moto mkali. Subiri moto ushuke. Kwa maoni yangu mawe si lazima hata kidogo: hayauzuii moto kupita chini, na yanaacha alama nyeusi ambayo wengine wataifuata kuwasha hapo hapo.

Cheche husababishwa na utomvu na vinyweleo vya maji ndani ya ukuni, hasa misonobari. Punguza ukubwa wa moto, weka kuni hizo chache chache, na mtu mmoja akae macho upande upepo unakoelekea. Cheche ikitoboa hema ni hasara ndogo. Ikitua kwenye majani makavu mita 6 mbele haina mlio wowote, na ndiyo sababu ya yule mtu kukaa macho.

Dalili: Moto umetoka nje ya duara ulilofagia

Hapa hakuna muda wa kutafuta sababu. Piga kelele watu wote waamke. Mwaga maji mbele ya ukingo unaosonga, si katikati ya miali. Au rushia udongo, au piga kwa tawi bichi lenye majani ukiburuza kuelekea palipokwisha kuungua. Kaa ubavuni mwa moto au nyuma yake, usisimame mbele.

Jipe dakika moja. Acha na uondoke iwapo baada ya hapo bado unasonga, iwapo miali nje ya duara imepita magoti yako, iwapo umeshika kichaka au gome la mti unaosimama, au iwapo maji yameisha. Piga simu ya zimamoto ukiwa tayari unatembea. Namba ya 112 hufanya kazi kwenye simu nyingi za mkononi katika nchi nyingi, ila jifunze namba ya eneo lako kabla ya safari. Usipande mlima. Kwa kila nyuzi 10 za mwinuko kasi ya moto huongezeka karibu mara mbili, wakati kasi yako inapungua. Nenda ukikata upepo kwa ubavu, uelekee chini, kwenye maji, barabara, mwamba au eneo lililokwisha kuungua na kupoa. Vyombo viache.

Ukirudi kutafuta chanzo, mara nyingi utakuta majani hayakufagiliwa vya kutosha, upepo uligeuka usiku, au hakukuwa na mtu. Moto usio na mtu macho uzimwe, hata kama ni dakika kumi za kwenda kuchota maji.

Dalili: Umemwaga maji, lakini bado kuna joto

Hii ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote, kwa sababu jicho linadanganywa. Maji yakimwagika, rangi nyekundu inapotea, mvuke unapanda, na kila mtu anaamini kazi imekwisha. Chini ya majivu yaliyolowa juu, makaa makavu yanaendelea.

*Ulianza kuzima umechelewa.* Acha kuongeza kuni saa moja kabla ya kulala au kuondoka. Sukuma vijinga katikati viungue hadi viwe majivu. Moto uliobaki na majivu pekee unazimwa kwa ndoo moja. Wenye gogo lililoungua nusu unaweza kumaliza ndoo tano na bado likakaidi.

*Umemwaga bila kukoroga.* Tawanya makaa kwanza kwa sepetu, ndani ya lile eneo ulilofagia. Simama upepo unakotoka, nyunyiza maji kidogo kidogo kwa kuzungusha kutoka ukingoni kwenda katikati. Ukimwaga ndoo yote kwa nguvu, mvuke na majivu ya moto vitakurudia usoni. Kisha koroga hadi chini kabisa, mpaka sepetu ikwaruze udongo mgumu. Mwaga tena. Koroga tena. Unataka uji, si majivu yenye ngozi ya tope juu. Vijinga vikwanguliwe makaa yake mekundu, na vigeuzwe pande zote ndani ya maji. Mawe, kama uliyatumia, yageuze. Chini yake ndiko makaa hujificha.

*Umefukia kwa mchanga au udongo.* Tafadhali usifanye hivi. Mchanga hauuondoi moto, unaufunika blanketi. Moto uliofukiwa unaweza kubaki na joto la kuunguza ngozi kwa saa nyingi, hata hadi kesho yake, na juu unaonekana kama ardhi ya kawaida. Watoto wamekanyaga makaa ya namna hiyo wakiwa peku. Maji yakiwa haba, changanya udongo usio na majani na makaa, koroga mfululizo upoteze joto kwa kugusana, tawanya, koroga tena, na usiufukie ukaondoka. Kazi hiyo ni ndefu, na ndiyo maana nilisema bila maji usiwashe.

Kisha pima kwa mkono. Sogeza nyuma ya kiganja sentimita chache juu ya majivu, polepole, pande zote. Usipohisi joto, ingiza vidole kwa tahadhari kwenye majivu, halafu kwenye udongo wa chini yake. Nyuzi 60 tu hutosha kuunguza ngozi kwa sekunde chache, hivyo usiingize mkono bila kutanguliza kuhisi. Kipimo ni kimoja: pawe baridi kama ardhi ya pembeni. "Vuguvugu kidogo" maana yake mwaga tena.

Kaa nusu saa ukifungasha, urudi upime mara ya pili. Niliwahi kumwaga ndoo mbili, nikakoroga, nikaridhika. Karibu saa moja baadaye nilirudi kuchukua kamba niliyoisahau, nikaona uzi wa moshi, mwembamba kama wa sigara, hatua mbili nje ya duara. Nilipofukua majani nilikuta mzizi wa unene wa kidole, ncha yake nyekundu, ukiungua taratibu kuelekea shina la mti. Duara lenyewe lilikuwa baridi kabisa. Ilihitaji ndoo sita nyingine na kufukua hadi mahali ambapo mzizi ulikuwa mweupe na umelowa. Kamba ile ningeweza kutoisahau.

Dalili: Moshi unatoka ardhini mbali na moto

Ndicho kisa hicho hicho, na sababu ni mbili: mzizi umeshika, au mboji imeshika. Mzizi mmoja mwembamba unaweza kuushughulikia. Fukua ukifuata alama nyeusi, kata mzizi kwa shoka mbele ya sehemu inayoungua, loweka shimo, hisi kwa mkono urefu wote.

Mboji ni jambo jingine. Huungua bila mwali, kwa joto la nyuzi 500 na zaidi, chini kwa chini, kwa hewa kidogo sana. Inaweza kudumu wiki, hata miezi. Kule Alaska na kaskazini ya Kanada mioto ya mboji hukaa chini ya theluji majira yote ya baridi na kuibuka masika. Ndoo zako hazitoshi. Maji hupita kwenye nyufa na kuacha pembeni pakiwa pakavu.

Acha na uwapigie zimamoto au walinzi wa msitu ukiona moshi zaidi ya sehemu moja, ukikuta ardhi inabonyea au imekuwa ya moto chini ya soli, au ukiona moshi ukitoka ndani ya shina lenye uwazi. Usitembee juu ya ardhi hiyo, kwani chini inaweza kuwa imeshakuwa tundu la makaa. Mti unaoungua kwa ndani huanguka bila onyo. Kaa mbali nao mara mbili ya urefu wake.

Dalili: Kichwa kinauma na kichefuchefu, mkiwa hemani

Je, kuna makaa yameingizwa hemani, au jiko linawaka mlangoni? Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa usingizini bila kuamka. Wote watoke nje sasa hivi, hata asiyelalamika. Piga simu ya dharura: aliyezirai, anayechanganyikiwa au anayetapika anahitaji oksijeni ya hospitali. Makaa hayaingii hemani, hata yakiwa yamefunikwa na majivu, hata "kwa dakika tano za kupasha joto".

Dalili: Mtu ameungua

Maji baridi yanayotiririka, dakika 20. Vua pete na saa kabla ya uvimbe, ila nguo iliyogandamana na ngozi iache. Si barafu, si siagi, si dawa ya meno. Funika kwa plastiki safi au kitambaa safi kisicho na nyuzi. Nenda hospitali ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au liko usoni, mikononi, miguuni, viungoni au sehemu za siri, au ngozi imekuwa nyeupe, nyeusi au haina maumivu. Mtoto mdogo apelekwe hata likionekana dogo.

Dalili: Umeshaondoka, na hukumbuki kupima kwa mkono

Rudi. Kama kambi iko saa moja nyuma, rudi. Kama ni mbali mno au giza limeingia, wapigie walinzi wa msitu au zimamoto na uwaambie wazi: moto uliwashwa wapi, alama za mahali kutoka kwenye simu kama unazo, ulizimwa saa ngapi, kwa maji kiasi gani, ardhi ni ya namna gani, na upepo unaelekea wapi. Baki na simu yako hewani mpaka wakuambie wameufikia.